Nyimbo za kwaya katika MP3: ni kipimo kipi kinachofaa?

“Mimi ni mwalimu wa kwaya karibu na Nebbi. Mwezi uliopita tulirekodi nyimbo 8 katika studio moja ya Kampala: waimbaji 22, adungu 4 (vinubi vyetu vya nyuzi), ngoma, kayamba na njuga. Tulipomaliza, prodyuza alitupatia nyimbo za MP3 kwenye flashi, kila wimbo wa dakika 5 ukiwa na MB 4.8. Kayamba zinasikika kama maji yanayomwagika, na adungu imepoteza ule mdono wake. Rafiki aliniambia tatizo ni kwamba mafaili ni ya 128, akanielekeza niyageuze yawe ya 320. Nimefanya hivyo, na sasa kila wimbo una MB 12, lakini sauti ni ile ile. Tunataka kuzipeleka redioni, kuwauzia waumini kwenye memori kadi na kuzituma kwa WhatsApp. Je, nichague 128, 192 au 320? Hz 44,100 au 48,000? Na ile stereo ya pamoja haitaharibu nyimbo? Nimekuambatishia wimbo mmoja wa 320 uusikilize.”

Mwalimu, nakushukuru kwa kueleza jambo lako kwa makini, na hasa kwa kuniambatishia wimbo wenyewe, kwa sababu umenipa jibu ambalo maelezo peke yake yasingenipa. Masikio yako yako sawa. Kayamba hizo kweli zinachuruzika kama maji, na adungu kweli imefifia mahali pale kidole kinapouachia uzi. Unaniuliza uchague tarakimu gani, nami nitakujibu, lakini tarakimu hiyo haiwezi kukusaidia mpaka kwanza tujue nakala inatolewa kutoka faili lipi.

Niliufungua wimbo wako katika programu ya Audacity, ambayo ni ya bure na unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako leo hii, nikautazama katika picha ya masafa. Katika picha hiyo muda unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia, sauti nzito ziko chini na sauti nyembamba ziko juu. Penye sauti pana rangi, pasipo na sauti pana giza. Katika wimbo wako rangi inapanda mpaka karibu na Hz 16,000, yaani mitetemo 16,000 kwa sekunde, kisha inakatika kwa mstari ulionyooka kama ukingo wa meza, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, hata pale kwenye kiitikio ambapo wachezaji wanakanyaga kwa nguvu na njuga zinalia zote kwa pamoja. Njuga za chuma haziishii Hz 16,000. Zilikatwa, na zilikatwa katika ule mbano wa kwanza wa 128, kabla wewe hujagusa chochote. Faili lako la 320 ni faili la 128 lililovalishwa kanzu pana.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na simlaumu rafiki yako, kwa kuwa nimesikia ushauri huo hata kutoka kwa watu wanaoketi studio kila siku. Tarakimu 320 haipimi uzuri wa sauti. Inapima nafasi iliyotengwa kwa ajili ya kila sekunde ya sauti, kwa kilobiti. Ukimimina maji ya jerikeni ya lita 5 katika jerikeni ya lita 20, umepata mzigo mkubwa zaidi wa kubeba, lakini maji ni yale yale. Tena katika sauti hali ni mbaya kidogo kuliko katika maji, kwa sababu kila mara MP3 inapofunguliwa na kubanwa upya kitu kidogo hupotea tena, hata ukichagua tarakimu ya juu kabisa. Kwa hiyo mafaili hayo mapya ya MB 12 yafute, ubaki na yale ya MB 4.8, ambayo yako karibu zaidi na kilichorekodiwa.

Sasa nieleze mbano wenyewe unavyofanya kazi, maana ukiuelewa utaweza kuamua mwenyewe siku nyingine bila kuniuliza. Sauti isiyobanwa, kama ile ya CD, huhifadhiwa kwa kupima wimbi la sauti mara 44,100 katika kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), upande wa kushoto na upande wa kulia. Ukizidisha hayo unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani zaidi ya MB 10 kwa dakika, na wimbo wako wa dakika 5 unakuwa na MB 53 hivi. Kuuleta wimbo huo kwenye kilobiti 128 ni kusema kwamba katika kila biti 11 zilizokuwepo ibaki moja tu.

Walioweza kulifanya hilo ni watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, na njia yao ilitegemea udhaifu wa sikio la mwanadamu. Mtu akikunong'oneza sokoni wakati lori linapita, midomo yake unaiona lakini mnong'ono huusikii, kwa sababu sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo katika masafa na katika muda. Programu ya kubana huugawa wimbo katika vipande vifupi sana, vya sampuli, yaani vipimo, 1,152 kila kimoja, ambavyo ni kama sehemu 26 za elfu moja za sekunde. Katika kila kipande huchunguza ni sauti zipi zimefunikwa na nyingine, kisha huziandika hizo kwa uzembe wa makusudi au huziacha kabisa, na biti chache zilizopo huzipeleka kwenye sauti ambazo sikio litazitambua. Biti zikiwa za kutosha, uzembe huo hujificha vizuri. Zikipungua, huanza kuchungulia.

Na muziki wenu, Mwalimu, ndio unaoufanya uchungulie mapema. Chukua adungu kwanza. Kidole kinapouachia uzi, kabla yake pana ukimya, halafu ghafla panatokea mdono mkali, halafu mlio unaofifia taratibu. Programu ikikiandika kipande chenye ukimya mwanzoni na mdono katikati, makosa ya uandishi husambaa katika kipande kizima, hata kwenye ile sehemu iliyopaswa kuwa kimya. Unachosikia ni vumbi dogo la sauti linaloutangulia mdono, na ncha ya mdono inakuwa butu. Programu nzuri hujua hatari hiyo na hukigawa kipande katika vipande vidogo zaidi mdono unapofika, lakini kufanya hivyo kunahitaji biti nyingi, na kwenye 128 biti hizo hazipo. Adungu 4 zinazopokezana, kubwa na ndogo, zinaleta midono mingi ndani ya kila sekunde.

Kayamba na njuga zina shida ya namna nyingine. Sauti ya mwimbaji ina mpangilio: wimbi hujirudia, na kitu kinachojirudia ni rahisi kukifupisha. Mbegu zinazogongana ndani ya kayamba hazina mpangilio. Ni maelfu ya migongano midogo, tena mingi ikiwa kwenye masafa ya juu ambako programu hupenda kupunguza matumizi. Ikikosa biti, hufunga na kufungua masafa hayo kipande baada ya kipande, na kule kufunga na kufungua ndiko kunakosikika kama maji. Herufi “s” na “sh” zikitamkwa na waimbaji 22 kwa pamoja huleta jambo hilo hilo. Ndiyo maana mhubiri akirekodiwa peke yake kwa 64, katika mono (njia moja ya sauti, bila kushoto na kulia), anasikika vizuri tu, lakini kwaya yenye kayamba inateseka kwenye 128. Mtu anayekuambia kwamba 128 inatosha huenda anasema kweli kwa mahubiri anayoyasikiliza yeye.

Baada ya hayo, tarakimu. Ikiwa utapata faili lisilobanwa, yaani WAV, au FLAC ambayo hubana bila kupoteza chochote, nakala ya kuwapa waumini ningeitoa katika MP3 yenye kasi ya biti inayobadilika, kwenye ngazi ambayo Audacity inaonyesha kuwa ni kati ya kilobiti 170 na 210. Kasi inayobadilika maana yake ni kwamba programu hutumia biti chache mahali pa ukimya na nyingi mahali njuga zinapolia, badala ya kugawa kiasi kile kile kila mahali kama posho. Uwe mwangalifu kwa jambo moja: katika programu kadhaa ngazi hizo huandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9, na 0 ndiyo bora, 9 ndiyo duni. Watu wengi huchagua 9 wakidhani wamepanda juu. Unayoitaka wewe ni 2, au 0 ikiwa nafasi si tatizo. Kwa ngazi ya 2 wimbo wa dakika 5 utakuwa na MB 7 hivi, na nyimbo zote 8 hazitafika MB 60. Hakuna memori kadi inayouzwa leo itakayoshindwa na mzigo huo.

Nina tahadhari moja juu ya kasi inayobadilika. Baadhi ya redio za zamani za gari na spika za flashi huonyesha muda wa wimbo usio sahihi, au hurukaruka ukijaribu kusogeza wimbo mbele. Ikiwa waumini wako wanatumia vifaa hivyo kwa wingi, chagua kasi isiyobadilika ya 192 na usiwe na wasiwasi. Kuna miundo mipya kuliko MP3, kama AAC na Opus, ambayo kwa biti zile zile hutoa sauti bora, hasa kwenye tarakimu za chini. Lakini nakala ya kuuza kwenye memori kadi inapaswa kufunguka kwenye simu ya kitochi ya bibi na kwenye spika ya mwenye duka, na huko MP3 bado haina mshindani.

Redioni peleka WAV. Wakikataa kwa sababu ya ukubwa, wapelekee MP3 ya 320 yenye kasi isiyobadilika, iliyotolewa moja kwa moja kutoka WAV. Utaniuliza kwa nini tusumbuke hivyo, wakati matangazo ya FM ya stereo hayabebi sauti inayozidi Hz 15,000. Ni kweli kwamba mstari ule wa Hz 16,000 hewani hautaonekana. Lakini yale maji ya kayamba na ule ubutu wa adungu vipo chini ya Hz 15,000, na mitambo ya redio huzikuza sauti ndogo ili kila kitu kisikike kwa nguvu sawa, kwa hiyo takataka ulizozificha huinuliwa pamoja na wimbo. Isitoshe, kituo kinaweza kuubana wimbo wako upya katika kompyuta yake ya matangazo. Wape kilicho kizima, ili mbano wao uwe wa kwanza. Sababu hiyo hiyo inahusu wasambazaji wa muziki wa mtandaoni: wape WAV au FLAC tu, kwa kuwa wao wenyewe hutoa nakala zilizobanwa kwa ajili ya wasikilizaji.

Kwenye WhatsApp tuma ile ile ya waumini, lakini iambatishe kama hati ili ifike kama ilivyo. Usiicheze kwenye spika na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti. Nimeona kwaya zikifanya hivyo, na inaniuma.

Kuhusu Hz 44,100 na 48,000, jibu ni fupi kuliko ubishi uliopo. Ili kuihifadhi sauti unahitaji kuipima angalau mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa, na sikio la kijana mwenye afya hufika Hz 20,000 hivi. Zote mbili zinavuka kiwango hicho. Uliza studio walirekodi kwa ipi, uache hiyo hiyo. Ukiwa unatengeneza video, 48,000 ndiyo kawaida ya video. Kugeuza moja kuwa nyingine bila sababu ni kazi isiyo na faida.

Stereo ya pamoja isikuogopeshe. Jina lake limewafanya wengi waamini kwamba inachanganya kushoto na kulia mpaka stereo ife. Sivyo. Badala ya kuandika kushoto na kulia, programu huandika kile kilicho sawa pande zote mbili, kisha huandika tofauti iliyopo kati yao. Kutoka hivyo viwili kushoto na kulia hurudi vyote. Kwaya yako imesimama katikati, kwa hiyo kilicho sawa ni kingi na tofauti ni ndogo, na biti zinazookolewa zinakwenda kwenye kayamba. Programu nzuri huamua jambo hilo kipande kwa kipande. Iwashe.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini nalisikia katika wimbo wako kwenye beti ya tatu, pale ngoma kubwa inapoingia: mkwaruzo mfupi katika kila pigo. Wimbo umepandishwa sauti mpaka ukagusa dari, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho faili linaweza kubeba, na MP3 inapofunguliwa wimbi halirudi kwa umbo lile lile kabisa. Vilele vingine huinuka kidogo na kuipita dari. Mwombe prodyuza aache desibeli 1 ya nafasi juu ya vilele kabla ya kutoa nakala. Hakuna msikilizaji atakayehisi kwamba sauti imepungua, lakini mkwaruzo ule utapungua, na huenda ukaisha.

Hapa naomba nitenganishe mambo mawili ambayo studio zetu huyaita kwa jina moja. Kubana faili ni kupunguza ukubwa wake, na hilo ndilo tunalolizungumzia. Kubana nguvu ya sauti, ili pigo kubwa na dogo vikaribiane, ni kazi ya kuchanganya na kuipa umbo masta, yaani rekodi ya mwisho ambayo nakala zote hutolewa kwayo. Ukimwambia prodyuza “wimbo umebanwa sana” bila kufafanua, anaweza kurekebisha kile ambacho hakikuwa na kosa.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kumpigia simu, leo kuliko kesho. Usianze kwa lawama. Mwambie unaomba masta za WAV za nyimbo zote 8, za biti 24 ikiwa ndivyo alivyorekodi, na umpelekee diski au flashi yenye nafasi ya GB 2. Nyimbo za dakika 40 kwa biti 24 na Hz 48,000 zinachukua MB 690 hivi, nafasi itabaki. Nakuharakisha kwa sababu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilirekodi kikundi cha wazee wapiga adungu, nikawapa MP3, nikaiacha masta kwenye diski moja tu, na diski ikafa. Mmoja wa wazee wale alipofariki, familia ilikuja kuniomba rekodi safi ya kupigwa kwenye maombolezo, nami sikuwa na kitu cha kuwapa ila MP3 ya 128. Tangu siku hiyo kila masta naiweka mahali pawili, na mahali pamoja ni nje ya studio.

Kama masta zimeshapotea, nitakuwa mkweli kwako: hakuna programu itakayozirudisha. Zipo zinazodai kubuni upya masafa yaliyokatwa, lakini kinachotoka ni njuga za kubahatisha, si njuga zenu. Katika hali hiyo tumia yale mafaili ya MB 4.8 jinsi yalivyo, bila kuyabana tena. Ukihitaji kukata mwanzo au mwisho wa wimbo, ziko programu zinazokata MP3 kwenye mipaka ya vipande vyake bila kuifungua na kuibana upya. Halafu fikirieni kama kwaya kuzirekodi upya zile nyimbo 2 au 3 ambazo watu wanazipenda zaidi. Hiyo ni gharama, lakini inaleta matokeo ambayo kubadilisha tarakimu hakutaleta.

Usininukuu tu, jaribu mwenyewe. Ukipata WAV, itoe nakala ya 128, ya 192 na ya 320, uvae spika za masikioni zinazokaa vizuri, na umwombe kijana mmoja wa kwaya akuchezee sekunde 20 za kiitikio kutoka WAV na kutoka nakala moja, bila wewe kuona ipi ni ipi, mara 10. Ukipata 5 au 6, umebahatisha. Ukipata 9, kweli unasikia tofauti. Wengi hushangaa kwamba 128 wanaikamata haraka kwa sababu ya kayamba, na 320 hawaikamati kabisa. Mpe na huyo kijana ajaribu, kwa maana masikio ya ujana husikia juu zaidi ya yetu.

Iwapo WAV yenyewe ina mkwaruzo au ubutu, kosa limo katika kurekodi au kuchanganya, na hapo barua haitoshi. Nenda studio ana kwa ana, pamoja na mpiga adungu wenu mkubwa, mkae mbele ya spika, na yeye ndiye aseme ala yake inavyotakiwa kulia. Prodyuza wa Kampala aliyezoea kinanda na gitaa hawezi kulijua hilo kwa kukisia. Na ikitokea kwamba maji au mluzi unausikia hata redio ikiwa imezimwa, hilo si la fundi wa sauti, ni la daktari wa masikio, na usilicheleweshe.

Kabla ya kuondoka studio na WAV zako, zifungue palepale katika picha ya masafa. WAV inaweza kutolewa hata kutoka MP3, na ukubwa wake utakudanganya kama ulivyokudanganya ukubwa wa ile ya 320. Sogea kwenye kiitikio, pale njuga zinapolia zote, utazame juu ya Hz 16,000. Ukiona rangi inapanda na kufifia yenyewe kama moshi, yaelekea umepewa masta. Ukiona ule mstari wa ukingo wa meza, irudishe, umwombe akutolee upya kutoka kwenye mradi wenyewe.